Je, Wajua? Askari wa Kiitaliano wa Sentimita Nne

Wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaokusanya visanamu vya plastiki vya askari wa Vita vya Pili vya Dunia na kuvipanga kabatini kama vyombo vya harusi. Leo tuwatazame Waitaliano, maana hao wana vituko kuliko wenzao wote.

LEGO wenyewe hawamtengenezi

Kisanamu cha LEGO kilianza kuuzwa mwaka 1978. Kina urefu wa sentimita 4 tu, lakini kampuni hiyo ya Denmark haitengenezi seti za vita vya kisasa. Pengo hilo limezibwa na wengine. COBI ya Poland inauza vifaru na askari wake yenyewe, na mafundi wadogo wadogo huchukua kisanamu kitupu wakakichapa sare, mkanda na vifungo.

Vita vikali Ethiopia, risasi bandia London

Italia iliivamia Ethiopia Oktoba 1935. Haukupita muda mrefu, kampuni ya Britains ya London ikatoa askari wa risasi wa pande zote mbili, Waitaliano na Waethiopia, ili mtoto wa Kiingereza aamue mshindi sakafuni kwao. 

Manyoya juu ya kofia ya chuma

Kikosi cha Bersaglieri kiliingia vitani na kofia za chuma zenye shungi la manyoya meusi upande wa kulia! Kilianzishwa mwaka 1836 na Alessandro La Marmora, na manyoya hayo ni ya ndege mkubwa wa misituni wa jamii ya kwale. Hadi leo hupita kwenye gwaride wakikimbia, bendi nayo ikipuliza tarumbeta huku inakimbia vilevile. Wanapata wapi pumzi, sijui. Kisanamu kikikosa shungi hilo, umebaki na askari wa miguu wa kawaida.

Tazama kola kabla hujalipa

Tangu 1871 askari wa Italia huvaa nyota yenye ncha tano kwenye kola. Mfalme ameondoka, ufashisti umeanguka, jamhuri imekuja mwaka 1946, na nyota ipo palepale. Lakini wanamgambo wa Mussolini, wale wa mashati meusi, walivaa fungu la fimbo lenye shoka badala ya nyota. Kwenye kisanamu alama hiyo ni kidoa tu cha rangi, na kidoa hicho ndicho kinachokwambia umemshika askari wa nchi au askari wa chama.

Mabakamabaka yalianzia kwenye hema

Mwaka 1929 jeshi la Italia lilianza kutumia kitambaa kilichochapwa mabaka kiwandani kwa wingi, kabla ya majeshi mengine kuzinduka. Hakikuwa cha nguo. Kilikuwa kipande cha turubai ambacho askari alijifunika mvua ikinyesha, na usiku akakiunganisha na vya wenzake wakapata hema. Mashati ya mabaka ya askari wa miamvuli yalikuja baadaye.

Wengi wao walikuwa Waafrika

Italia ilipoingia vitani Juni 1940, zaidi ya theluthi mbili ya jeshi lake katika Afrika Mashariki walikuwa askari wenyeji, wakiwemo wa Eritrea na Somalia. Walivaa tarbushi ndefu nyekundu na mkumbuu kiunoni, na rangi ya mkumbuu ilitambulisha batalioni. Upande wa pili walikutana na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Uingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Kwa hiyo kabati lililojaa nyuso za Kizungu peke yake limesimulia nusu ya habari, au chini ya nusu.

Walitoroka kambini, wakapanda mlima, wakarudi

Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Januari 1943 mateka watatu wa Kiitaliano walitoroka kambi namba 354 ya Waingereza huko Nanyuki. Hawakuwa na haja ya kwenda kwao. Walitaka kuukwea Mlima Kenya, ambao mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama kutoka ndani ya seng'enge hadi ukamkaa rohoni. Nyundo za kuiba walizigeuza sururu za barafu. Vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga chini ya viatu, na kamba za katani za vitandani zikawa kamba za kukwelea. Ramani hawakuwa nayo, basi wakategemea picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la chakula! Vincenzo Barsotti aliugua akabaki chini. Benuzzi na Dakta Giovanni Balletto walijaribu kilele cha Batian wakashindwa, kisha wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia. Baada ya hapo, njaa ikiwauma, wakateremka na kurudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo, lakini mkuu wa kambi aliipunguza hadi siku 7, kwa kuuheshimu uanamichezo wao.

Makamu wa mfalme amelala Nyeri

Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia katika Afrika Mashariki, alisalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941. Akafa mateka Nairobi Machi 1942, na kaburi lake limo ndani ya kanisa la kumbukumbu la Waitaliano mjini Nyeri, mji uleule alikozikwa Baden-Powell, mwasisi wa skauti.

Farasi dhidi ya bombomu

Agosti 24, 1942, karibu na mto Don huko Urusi, wapanda farasi wapatao 700 wa kikosi cha Savoia walichomoa panga wakawavamia askari wa Kisovieti wenye bombomu na mizinga midogo. Na wakashinda! Mkusanyaji anayetaka kulipanga shambulio hilo kwa ukamilifu aanze kwanza kuulizia bei ya farasi.