Jina Ndilo Linalouzwa: Biashara ya Mafuta ya Miungu ya Kikelti

Chupa yenyewe ni ya kioo cha kahawia, mililita 10, na mfuniko wake mweusi una mpira wa kudondoshea. Ndani mna mafuta ya manjano hafifu na kipande cha jani kavu kinachoelea. Lebo ina jina la Brigid, mungu wa kike wa moto, ushairi na uhunzi kwa Waayalandi wa kale. Chini kabisa, kwa maandishi ya kukodolea macho, pana onyo: ni ya kupaka mshumaa, si ya kupaka mwilini. Madukani Uingereza chupa kama hii aghalabu huuzwa paundi 6 hadi 12. Ibandue lebo, na unabaki na mafuta ya kawaida yaliyotiwa matone machache ya harufu, bidhaa ambayo fundi wa manukato angeona haya kuidai hata nusu ya bei hiyo.

Wanunuzi wake wanajua hilo. Hawanunui harufu. Wananunua jina, pamoja na ile dakika ya kupaka mshumaa kwa vidole huku jina likitajwa. Msomaji aliyewahi kuona foleni ya mafuta ya upako nje ya kanisa la mtaani hana haja ya kuelezwa zaidi.

Mji unaoionyesha biashara hii waziwazi kuliko mwingine wowote ni Glastonbury, katika mkoa wa Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza. Ni mji mdogo, lakini barabara yake kuu imejaa maduka ya mawe ya kioo, majoho, karata za kubashiria, mishumaa na rafu za chupa ndogondogo zilizopangwa kwa majina ya miungu: Brigid, Cerridwen wa Wales mwenye chungu chake cha hekima, Rhiannon na farasi wake, Morrigan wa vita na kunguru, Lugh wa mavuno, Cernunnos mwenye pembe za kulungu. Tangu 1996 mji huo una kongamano la kila mwaka la waabudu wa mungu wa kike. Mwaka 2002 wakafungua hekalu lao, na mwaka uliofuata likasajiliwa rasmi kuwa mahali pa ibada. Wenyewe hujiita wapagani bila kinyongo. Neno ambalo kwetu ni tusi, kwao ni kitambulisho.

Ukitazama takwimu, soko hili ni dogo. Sensa ya 2021 ya England na Wales iliwahesabu watu wapatao 74,000 waliojiandika kuwa wapagani, kutoka 57,000 mwaka 2011, na wengine kama 13,000 wa dini ya Wicca, katika taifa la watu karibu milioni 60. Kwa hesabu hiyo peke yake, barabara ya Glastonbury isingelipa kodi ya pango. Wanaoibeba ni wateja ambao sensa haiwaandiki popote: mtalii, binti aliyeona video za uchawi kwenye TikTok, mama wa makamo anayetaka kitu cha kuwasha usiku wa mwezi mpevu, na wanunuzi wa mtandaoni, hasa wa Marekani. Mteja wa aina hii hana kanisa wala kiongozi. Anajifunza ibada kutoka kwa muuzaji, na hapo muuzaji ana faida ambayo wafanyabiashara wengine wangeilipia pesa nyingi.

Makampuni makubwa yalipojaribu kuingia, yaliumia. Mwaka 2018 kampuni ya manukato ya Pinrose ilitangaza kisanduku cha mchawi anayeanza, cha dola 42, chenye manukato, karata za tarot na kifurushi cha majani ya kufukiza, kiuzwe katika maduka ya Sephora. Wapagani wakakasirika kwamba imani yao imegeuzwa pambo, na wenyeji wa asili wa Marekani nao wakalalamikia majani yao ya ibada. Kampuni ikaomba radhi na kukiondoa kisanduku kabla hakijafika sokoni. Wale wachanganyaji wa mezani, wanaotengeneza chupa hamsini kwa mkupuo, wakabaki na soko lao. Mteja wa mafuta ya Morrigan anataka kuamini kwamba aliyeyachanganya anamwamini Morrigan.

Sasa ukale wenyewe. Makuhani wa Kikelti, madruidi, hawakuyaandika mafundisho yao. Julius Caesar mwenyewe alilieleza hilo. Majina ya miungu hiyo tunayajua kutokana na maandishi ya mawe ya enzi ya Warumi, na hadithi zilizoandikwa karne nyingi baadaye Ayalandi na Wales, katika nchi zilizokwisha kuwa za Kikristo. Jina la Cernunnos, ambaye leo ana aina chungu nzima za mafuta, linasomeka kwenye nguzo ya mawe iliyofukuliwa mwaka 1710 chini ya kanisa la Notre-Dame, Paris. Kwa mungu maarufu hivyo, ushahidi wa maandishi ni haba mno. Na hakuna kokote palipoachwa maelekezo ya kuchanganya mafuta yake.

Ufundi wa leo una asili nyingine kabisa. Kupaka mshumaa mafuta yenye jina na kazi maalumu kulishamiri katika hoodoo, uganga wa Wamarekani weusi, na kukageuzwa biashara ya posta na kampuni kama King Novelty ya Chicago katika miaka ya 1930. Wakaguzi wa posta walikuwa wakiwawinda matapeli, kwa hiyo katalogi zikajifunza lugha ya kukwepa: mafuta “yanayosemekana” kuleta bahati, yanauzwa kama kitu cha ajabu tu. Kumbuka lugha hiyo, maana bado iko kazini.

Upande wa pili wa bahari, Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi ya 1735 mwaka 1951, na miaka mitatu baadaye Gerald Gardner akatoa kitabu kilichoitangaza Wicca hadharani. (Sheria za uchawi ambazo wakoloni hao hao walizitunga Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928 bado zipo, ilhali ile ya kwao imekufa.) Imani hiyo ilipovuka kwenda Marekani ikakutana na chupa za hoodoo. Mwaka 1986 Scott Cunningham akachapisha, kupitia mchapishaji Llewellyn, mwongozo wa kutengeneza ubani, mafuta na dawa za kichawi. Toleo lake lililopanuliwa la 1989 bado liko kwenye meza za wachanganyaji wengi. Wamarekani weusi walioukuza ufundi huu hawatajwi kwenye lebo za Glastonbury. Mwanahistoria Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol alionyesha mwaka 1999, kwa kitabu kizima, kwamba Wicca kwa sehemu kubwa ni zao la nyakati za karibuni. Wapagani wengi walikisoma na wakaendelea kununua.

Mezani kazi yenyewe ni ya hesabu zaidi kuliko uganga. Kwanza unachagua mafuta ya msingi. Ya lozi ni laini na ya bei nafuu, lakini huchacha mapema, na chupa iliyokaa rafuni miezi mingi itamrudia muuzaji na harufu ya karanga zilizooza. Ndiyo maana wengi hutumia jojoba, ambayo kusema kweli si mafuta bali ni nta ya majimaji itokayo kwenye mbegu za kichaka cha jangwani huko Marekani na Meksiko. Inakaa miaka bila kuharibika. Kisha mafuta ya harufu. Kwa asilimia tatu, chupa ya mililita 10 inabeba sehemu tatu za kumi za mililita, yaani matone sita hivi. Ukitaka karafuu kwa ajili ya moto wa Brigid, angalia mkono wako: wataalamu wa mafuta haya hushauri karafuu isizidi nusu asilimia kwenye ngozi, na nusu asilimia hapa ni tone moja. La pili likikuponyoka, chupa imehama daraja. Mwisho linatiwa jani la kupendezesha, na lazima liwe limekauka kabisa, kwani bichi litaota ukungu kabla mteja hajamaliza wiki.

Mashaka huanza kwenye harufu zinazopaswa kuwa za Kikelti hasa. Glastonbury huhusishwa na Avalon, kisiwa cha hadithi ambacho jina lake lina undugu na neno la Kiwelsh la tufaha. Kwa hiyo mafuta ya Avalon sharti yanukie tufaha, lakini tufaha halitoi mafuta ya harufu ya kuuzwa. Ile harufu inatoka kwenye maabara. Mwaloni, mti mtakatifu wa madruidi, una shida hiyo hiyo. Badala yake hutumika kiumbe cha kijivu mithili ya manyoya kinachoota kwenye magome yake, ambacho watengeneza manukato wamekipenda kwa vizazi vingi. Nacho kina vizio vinavyowasha ngozi, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku viambata viwili vyake vikali zaidi katika vipodozi. Pachuli ya Cernunnos? Nyingi inatoka Indonesia.

Kwa hiyo chupa ya mungu wa kaskazini hujazwa na kusini. Ubani, ule ule tunaoufukiza kwenye hitima na harusi, unatoka kwenye miti ya milima ya Somalia na Somaliland, Oman na Ethiopia. Manemane inatoka Pembe ya Afrika. Karafuu inatoka Indonesia, Madagaska na kwetu Unguja na Pemba, ambako hata makonyo hayatupwi. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyakamua mafuta. Anayechanja mti wa ubani huanza mnyororo huu kwa kuuza kwa kilo, na kilo nyingi za utomvu hutoa mafuta kiduchu. Anayemaliza mnyororo huuza kwa tone. Katikati yao wapo madalali, wakamuaji na wauzaji wa jumla, na kila mmoja anachukua chake. Miti yenyewe inachoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Sustainability ulikadiria kwamba uzalishaji wa ubani wa aina moja kuu, ile ya Ethiopia, Eritrea na Sudan, ungepungua kwa nusu ndani ya miaka 20, kwa sababu miche michanga inaliwa na mifugo na kuunguzwa na moto, na miti mikubwa inakufa. Msandali wetu wa Afrika Mashariki umefika mbali zaidi: tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali vya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Turudi kwenye lile onyo la herufi ndogo. Chini ya kanuni za vipodozi za Ulaya zilizoanza kutumika kikamilifu mwaka 2013, ambazo Uingereza ilibaki na nakala yake baada ya kujitoa, kitu cha harufu kinachouzwa cha kupaka mwilini ni kipodozi. Haijalishi kimewekwa wakfu kwa nani. Kinahitaji ripoti ya usalama iliyosainiwa na mtaalamu, kwa ada inayoweza kufika mamia ya paundi, na kinahitaji kusajiliwa. Piga hesabu: chupa 50 kwa paundi 8 ni paundi 400. Ripoti moja ikimeza nusu yake, na una miungu kumi na mbili rafuni, umefunga duka. Ndipo mafuta ya kupaka yakawa ya mshumaa tu. Muuzaji anajua mteja atajipaka kwenye paji la uso na viganja, mteja anajua kwamba muuzaji anajua, na lebo inasema vingine.

Majukwaa ya mtandaoni nayo yameongeza lao. eBay ilipiga marufuku uuzaji wa mazinguo, laana na dawa za kichawi mwaka 2012. Mwaka 2015 Etsy ikakaza uzi: lazima kuwe na kitu cha kushikika, na usiahidi matokeo. Mafuta yakanufaika hapo, kwa kuwa aliyekuwa akiuza zinguo tupu sasa alihitaji chupa ya kuliwekea. Lakini Aprili 2022 Etsy ikapandisha makato ya kila mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5, na kwa bidhaa ya paundi nane hiyo ni pesa inayoonekana.

Mauzo hufuata kalenda. Morrigan na Cernunnos huondoka kwa wingi kuelekea Samhain, tarehe 31 Oktoba, na Lugh husubiri Agosti. Brigid ana tarehe 1 Februari, siku ambayo Wakristo wa Ayalandi pia humkumbuka Mtakatifu Brigid wa Kildare mwenye jina hilo hilo. Huko Kildare masista waliuwasha upya moto wake mwaka 1993, na tangu 2023 nchi nzima ina sikukuu ya mapumziko kwa jina lake. Kwa muuzaji, huo ulipaswa kuwa msimu wa dhahabu.

Tatizo limo kwenye kanuni za bidhaa za Umoja wa Ulaya zilizoanza tarehe 13 Desemba 2024. Anayeuza kutoka nje ya Umoja lazima awe na mtu au kampuni ndani yake ya kubeba dhamana ya bidhaa, jina na anwani vikiwa kwenye kifurushi, na kanuni hizo zinagusa hata Ayalandi ya Kaskazini. Kumlipa wakala wa namna hiyo kwa ajili ya chupa kumi na tano kwa mwaka hakuna hesabu inayokubali, na wauzaji wadogo wengi wa Uingereza wameifuta Ayalandi kwenye orodha ya nchi wanazotuma mizigo. Brigid wa Somerset anafika Australia kwa posta. Kildare, ng'ambo tu ya bahari, hafiki.