Safisha Tundu Kabla ya Kukaza Bolti

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeuona ufa usiozibika, na niliusababisha mwenyewe.

Kila Jumamosi mimi humsaidia mjomba kwenye gereji yake. Likizo iliyopita tulikuwa tukiunganisha injini ya matatu. Mjomba aliniagiza nisafishe matundu ya bolti za silinda hedi. Nikapanguza juu juu kwa tambara, nikamwambia, "Tayari, mjomba." Alipokuwa akikaza bolti ya tatu tulisikia mlio, ka! Kutazama, bloku imepasuka kando ya tundu.

Je, tundu dogo lilipasuaje chuma kizito vile? Matundu mengi ya bloku hayatokezi upande wa pili. Yana kitako kama kikombe. Injini inapofunguliwa, oili na maji ya rejeta humwagikia humo. Oili haishindiliki. Bolti ikiteremka huisukuma, nayo kwa kukosa pa kutokea husukuma kuta za tundu mpaka chuma kinasalimu amri.

Hatari ya pili ni kutu na uchafu kwenye meno ya tundu. Mafundi hukadiria kwamba katika kila sehemu 100 za nguvu unayokazia, 50 hivi humezwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, na 40 hivi na msuguano wa meno. Ni 10 tu zinazobana hedi! Meno yakiwa machafu, hata hizo 10 hupungua. Toki renchi itakuonyesha bolti imekaza, kumbe wapi! Baadaye gasketi huvuja na injini huchemka.

Dawa yake si ghali. Kwanza, ziba silinda na njia za oili kwa matambara. Pili, tafuta bolti kuukuu yenye meno sawa na ya tundu. Angalia sana, maana bolti ya milimita 10 yaweza kuwa na meno yaliyoachana milimita 1.5 au 1.25. Ichonge mifereji miwili au mitatu kwa msumeno wa chuma, kutoka ncha kwenda juu. Ipake oili kidogo, uizungushe polepole kwa mkono. Ikikwama, irudishe nyuma, usiilazimishe. Uchafu utaingia mferejini. Usitumie tepu ya kukatia meno mapya, kwani hula chuma na bolti ikalegea. Tatu, vaa miwani kisha upulize tundu kwa hewa ya kompresa. Mwisho, funga tambara jeupe kwenye waya, ulifikishe kitakoni. Likitoka kavu na safi, kazi imekwisha.

Mjomba alinunua bloku nyingine kwa pesa zake, na ile matatu ikalala wiki mbili bila kazi. Hakunigombeza hata kidogo. Ila siku hizi nikimwambia "tayari", yeye huniuliza swali moja tu: "Umefika kitakoni?"