Uzi Umefika Mombasa, Simu Haishiki Kijijini



Juzi tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama, upande wa bara kutoka Msambweni. Mweka hazina alimtumia mwenzake mkopo kwa M-Pesa, netiwaki ikapotea, ujumbe wa kuthibitisha haukuja. Akatuma tena. Kumbe zote mbili zilikwenda! Maneno yakaanza, eti wawili hao wanakula pamoja. Mama wa watu alilia mbele ya mkutano, mpaka taarifa ya simu yake iliposomwa.

Wengine husema Kwale ni mbali. Mbali na nini? Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata 2010. Mombasa ni hapo tu ng'ambo ya feri. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, hata Nairobi walilalamika kwamba intaneti inajikokota. Huku kwetu hiyo ni hali ya kila siku, na hakuna gazeti linaloandika.

Shida ni kipande cha mwisho cha safari. Simu yako haisemi na uzi wa baharini, husema na mlingoti ulio karibu. Mawimbi yake hudhoofika kwa umbali, na vilima huyazuia. Kujenga mlingoti ni ghali, tena unataka umeme na barabara. Basi kampuni huanza penye wateja wengi: Ukunda, Diani, kandokando ya lami. Hata hapo, wote walio chini ya mlingoti mmoja hugawana njia moja, ndiyo maana jioni mambo huwa polepole.

Lakini sheria ya 2009 ilianzisha Mfuko wa Huduma kwa Wote, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni za simu huuchangia ili huduma ifike sehemu zisizo na faida kwao. Kwa hiyo kuomba mlingoti si kuomba sadaka. Andikeni majina ya vijiji, shule na zahanati zisizoshika, barua ipitie kwa chifu, nakala kwa mbunge.

Kwa sasa, mweka hazina asitume mara ya pili kabla ya kuangalia salio. Tena aangalie mbele ya mashahidi wawili, hata kama ni lazima wapande kilimani wote watatu.