Wakili wa Serikali na Sheria ya Usalama wa Mtandao: Uzito wa Neno Moja

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ilitokana na ujenzi wa udongo na mawe, lakini hekima yake ingali hai katika karne hii ambamo mali, siri na heshima ya mtu huhifadhiwa ndani ya tarakilishi. Mnamo Julai 2023, mfumo wa eCitizen ambao Wakenya huutumia kuomba pasipoti, leseni na huduma nyingine za serikali ulishambuliwa kwa kufurikishiwa maombi mengi kupita kiasi, na wananchi wakatatizika kupata huduma. Katika janga kama hilo, fundi wa mitambo ndiye hutazamiwa kwanza. Hata hivyo, yupo mtaalamu mwingine asiyetajwa sana, naye ni wakili wa serikali anayeshauri kuhusu sheria ya usalama wa mtandao. Makala haya yanafafanua kazi yake na kuonyesha kwamba kiini cha kazi hiyo ni lugha.

Wakili wa serikali ni nani?

Kifungu cha 156 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamfanya Mwanasheria Mkuu kuwa mshauri mkuu wa serikali katika masuala ya sheria. Mawakili wa serikali hutekeleza wajibu huo kwa niaba yake. Hawapaswi kuchanganywa na viongozi wa mashtaka, kwa kuwa Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 157, iliyakabidhi mashtaka ya jinai kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wakili wa serikali hushauri wizara, huchunguza mikataba, na huitetea serikali inaposhtakiwa katika kesi za madai. Zaidi ya hayo, Katiba inamtaka Mwanasheria Mkuu akuze utawala wa sheria na kutetea maslahi ya umma. Kwa hiyo mteja wa wakili huyu ni serikali, lakini jicho lake halina budi kumwelekea mwananchi pia.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 iliunda kamati ya kitaifa ya kuratibu masuala haya. Mwanasheria Mkuu au mwakilishi wake ni mwanachama, pamoja na Inspekta Jenerali wa Polisi, Mkuu wa Majeshi na Gavana wa Benki Kuu. Wenzake mezani wana silaha, fedha na mitambo. Yeye ana maneno.

Ushauri unavyotolewa

Ichukuliwe kwamba katika wizara fulani, karani amefungua faili za mkubwa wake kwa kutumia nywila aliyoiona imeandikwa kwenye karatasi. Wakubwa wana hasira na wanataka ashtakiwe kwa udukuzi. Kabla ya kujibu, wakili husoma kifungu cha 14 cha sheria hiyo, ambacho adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kisha huuliza maswali. Je, karani alikiuka hatua za usalama? Je, alikuwa na nia ya kuzifikia data hizo? Je, alijua kwamba hana idhini? Ikiwa mkubwa mwenyewe ndiye aliyempa nywila juma lililopita ili amchapie barua, suala la idhini linabadilika kabisa. Wakili anaposema hivyo huenda asipendwe, lakini ushauri wa kumfurahisha mkubwa si ushauri.

Suala la pili ni muda. Mfumo unaposhambuliwa, kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinadai kamati iarifiwe katika muda wa saa 24. Iwapo data za watu binafsi zimefikiwa na asiyeidhinishwa, na kuna hatari halisi ya watu hao kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai Kamishna wa Data aarifiwe katika muda wa saa 72. Fundi hutaka kwanza kurekebisha mitambo, na msemaji wa wizara hutaka kwanza kulinda jina la wizara. Wakili huwakumbusha wote wawili kwamba saa zinahesabiwa.

Suala la tatu ni ushahidi. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iandamane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na mtambo uliotumika, nacho kitiwe sahihi na mtu mwenye wadhifa unaohusiana na mtambo huo. Kesi yenye ukweli wote inaweza kuporomoka kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Neno linapokosa mipaka

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapokutana na mwanasheria. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kiliharamisha ujumbe wa kuudhi mno, wa aibu au wa kutisha, na ujumbe wa uongo unaotumwa ili kumkera mtu au kumtia wasiwasi usio na sababu. Mwaka 2015 raia mmoja alishtakiwa kwa sababu ya maandishi yake katika Facebook, naye akaenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu hicho. Mnamo Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Sababu mojawapo ilikuwa ya kisemantiki: maneno hayo hayakufasiliwa, na maana yake ilitegemea msomaji. Kinachomuudhi mmoja humchekesha mwingine. Raia hawezi kutii sheria ambayo mipaka yake haionekani.

Sheria ya mwaka 2018 nayo haikupita kimya. Siku moja kabla ya kuanza kutumika, Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26 vyake baada ya chama cha wanablogu kuwasilisha kesi. Februari 2020 mahakama hiyo ilitupilia mbali kesi hiyo, ingawa malumbano hayakukomea hapo. Katika kesi za namna hii wakili wa serikali hujikuta njia panda: anatetea sheria ambayo huenda yeye mwenyewe aliwahi kuonya kuwa ina maneno mapana. Ndiyo maana ushauri bora ni ule unaotolewa kabla ya mswada kufika Bungeni. Ufa wa neno huzibwa kwa kalamu. Ukishakuwa sheria, hujengewa ukuta mahakamani kwa gharama ya umma na kwa uhuru wa aliyetiwa rumande.

Nafasi ya Kiswahili

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, sheria hizi huandikwa na kujadiliwa kwa Kiingereza, ilhali mchuuzi anayeibiwa fedha katika simu yake huieleza kesi yake polisi kwa Kiswahili. Istilahi zipo, lakini hazijakubaliana. Wengine husema tarakilishi, wengine kompyuta. Udukuzi hutumiwa kwa maana ya kuchungulia na pia kwa maana ya kuvunja na kuharibu, makosa ambayo sheria inayatenganisha na kuyapa adhabu tofauti. Mfasiri asiyeijua tofauti hiyo anaweza kumwongezea mtu kosa ambalo hakulitenda.

Hitimisho

Imebainika kwamba wakili wa serikali katika uwanja huu ni mlinzi wa pande mbili: anailinda mitambo ya umma dhidi ya mhalifu, na anamlinda mwananchi dhidi ya sheria iliyoandikwa ovyo. Kazi zote mbili zinahitaji neno lenye mipaka. Wanaisimu, wanaleksikografia na wafasiri wanaofunzwa katika vyuo vikuu wana deni hapa, nalo ni kusanifu istilahi za sheria ya mtandao pamoja na wanasheria, kabla ya kesi na si baada yake. Dawa ya deni ni kulipa.