‘Bibi, ndiye huyu aliyekula mahindi yako?’

Tulipomwambia mama mkwe wangu kwamba kesho yake tunawapeleka watoto Hifadhi ya Taifa Mkomazi kuangalia tembo, aliacha kupepeta mchele akanitazama.

“Mnalipa hela ili mkawaone?” akauliza. “Mimi wanakuja bure mpaka mlangoni.”

Watoto walicheka. Yeye hakucheka. Februari iliyopita kundi la tembo liliingia usiku kwenye shamba lake la mahindi, tambarare chini ya Milima ya Pare, wilayani Same. Alikaa macho hadi asubuhi akisikia mabua yakivunjika, huku majirani wakipiga madebe na kumulika tochi. Kulipopambazuka, nusu ya shamba ilikuwa imelala chini. Zilikuwa zimebaki wiki kama tatu avune.

Habari hiyo mimi na baba watoto tuliipata kwa simu. Tukatuma hela ya unga, tukaendelea na maisha yetu Dar es Salaam. Watoto hatukuwaambia kitu. Kwao tembo alikuwa picha ya kitabuni na katuni ya kwenye simu.

Usiku ule nikamwambia mume wangu, twende na mama. Mama mwenyewe alikataa mara mbili. Mara ya tatu mjukuu wake wa miaka 6 akamwambia, “Bibi, usipokuja nani atatuonyesha?” Akanyanyuka kwenda kutafuta khanga ya kutokea.

Jirani ambaye hakuwahi kuingia

Mama mkwe amezaliwa chini ya milima hiyo, ana zaidi ya miaka 70, na hakuwahi kupita lango la hifadhi hata siku moja. Si yeye peke yake. Wengi wetu tunaokwenda Same, Mwanga, Moshi au Arusha kila mwisho wa mwaka tunaipita Mkomazi bila kujua kwamba ipo, nyuma ya ile milima inayoonekana kulia kwa basi ukitokea Dar. Lango la Zange liko kilomita chache tu kutoka Same mjini.

Hifadhi hii ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200. Imejinyoosha chini ya milima ya Pare na Usambara hadi mpakani, ambako inapakana na Hifadhi ya Tsavo Magharibi ya Kenya. Ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, ikaja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008.

Njiani mama mkwe ndiye aliyewafundisha wajukuu maana ya jina. Mko ni kijiko cha mti cha Wapare, akasema, na mazi ni maji. Yaani maji ya kujaza kijiko tu. Watoto walitazama nje wakaelewa. Juu milimani kuna migomba na tangawizi, lakini ukishuka huku ni vichaka vya miiba na udongo mwekundu.

Subira ya saa nzima

Tulikuwa tumeungana na familia ya shemeji, tukakodi gari moja la juu na kugawana gharama. Tulifika langoni mapema asubuhi, tukapata mwongoza wageni, tukaingia.

Mzazi, nikuandae: watoto huchoka kabla wanyama hawajatokea. Kwa muda mrefu tuliona digidigi wawili na vumbi. Yule mdogo alishaanza kuulizia soda. Mwongoza wageni akawaambia wazime muziki wa kwenye simu na kila mmoja achague upande wake wa kuangalia, na atakayeona mnyama anyooshe mkono bila kupiga kelele. Mambo yakabadilika. Wakaona twiga, pundamilia, kisha kongoni.

Halafu swala twiga, swala mwenye shingo ndefu, akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya juu kwenye kichaka. “Mama, kasimama kama mtu!” mwanangu akanong’ona. Huyo huwezi kumwona kila hifadhi. Hupenda nchi kame kama hii, pamoja na choroa na tandala mdogo.

Tulipofika Bwawa la Dindira, dereva akazima injini. Tembo tisa walikuwa majini.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Gari zima lilikuwa kimya, hata yule wa soda. Binti yangu wa miaka 9 akamsogelea, akauliza kwa sauti ndogo:

“Bibi, ndiye huyu aliyekula mahindi yako?”

“Sijui, mjukuu wangu,” akajibu. “Usiku sura hazionekani.”

Mwongoza wageni alisikia, na hakulipita swali hilo. Akaeleza kwamba tembo huenda na kurudi kati ya Mkomazi na Tsavo wakifuata mvua na malisho. Hawajui mpaka wa nchi wala mpaka wa shamba. Tembo mzima anaweza kula hadi kilo 150 za majani kwa siku, kwa hiyo mahindi mabichi kwake ni kama meza iliyoandaliwa. Akaonyesha jike kubwa lililokuwa mbele ya wengine. Huyo, akasema, ndiye kiongozi. Familia ya tembo huongozwa na jike mwenye umri mkubwa, kwa sababu ndiye anayekumbuka maji yalipo mwaka wa ukame.

“Kumbe na wao wana bibi,” akasema mama mkwe. Ilikuwa mara ya kwanza atabasamu tangu asubuhi.

Swali ambalo sikuwa na jibu lake

Tulipokuwa tunaondoka bwawani, binti yangu aliuliza: “Tembo wanalindwa na askari. Bibi analindwa na nani?”

Nilitaka kumjibu haraka haraka. Nikashindwa, nikamwachia mwongoza wageni.

Alimwambia ukweli. Kwamba tembo wa eneo hili waliuawa kwa wingi na majangili miaka ya 1970 na 1980, na ndiyo maana wanalindwa. Kwamba faru weusi walikwisha kabisa hapa Mkomazi, hadi mwaka 1997 walipoletwa wengine kutoka Afrika Kusini, na baadaye kutoka Jamhuri ya Czech na Uingereza. Mnyama akiisha, kumrudisha ni kazi ya miaka mingi na safari ya ndege.

Lakini akamwambia pia kwamba mkulima ana haki ya kusikilizwa. Sheria inatambua kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Hasara inatakiwa itolewe taarifa mapema kwenye ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori, kabla shamba halijalimwa upya. Akaeleza njia ambazo wakulima wanatumia: kamba zenye vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu kuzunguka shamba, na uzio wa mizinga ya nyuki. Tembo, pamoja na ukubwa wake, anaogopa nyuki. Upande wa Kenya, jirani na Tsavo, wapo wakulima waliozungushia mashamba yao mizinga, na asali wanauza.

Mama mkwe alisikiliza yote. “Kifuta jasho hakijazi ghala,” akasema. “Ila hiyo ya nyuki nitaiuliza.”

Nilifurahi kwamba watoto walisikia pande zote mbili wakiwa ndani ya gari moja. Tumezoea kuwafundisha wanyama kama urithi wa taifa, na ni kweli. Lakini urithi huo una watu wanaolala jirani nao, na wengine ni bibi zetu. Mtoto anayejua nusu moja tu atakuja kuwa mtu mzima wa kushangilia tembo bila kujali mkulima, au wa kumchukia tembo bila kujua tulikaribia kumpoteza.

Kabla hujawapeleka watoto

Uliza viwango vya kiingilio na namna ya kulipa kabla ya kuondoka nyumbani. Raia hulipa kwa shilingi, na ni kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Beba kitambulisho, na usitegemee kulipa kwa fedha taslimu.

Kama hela ya gari ni nzito, unganeni familia mbili. Msimu wa mvua tembo huongezeka, lakini barabara huteleza, hivyo hakikisha gari linafaa.

Wapelekeni watoto chooni pale langoni, kwa sababu ndani hamruhusiwi kushuka kwenye gari popote mnapotaka. Bebeni maji ya kutosha na chakula cha nyumbani. Sisi tulikuwa na makande kwenye hotipoti, tukala sehemu iliyoruhusiwa. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Alfajiri kuna baridi, vaeni sweta, na epukeni nguo nyeusi na za buluu maana huwavuta mbung’o.

Na kama una mzee anayeishi jirani na hifadhi, mpe kiti cha dirishani.

Tulirudi kijijini jioni, wote tukiwa wekundu kwa vumbi. Majirani walikuja kumuuliza mama mkwe ameonaje. Akawaambia, “Ni wazuri. Lakini wakae kule kule.”

Siku hizi tukimpigia simu, binti yangu hunyang’anya simu kwanza. Zamani alikuwa anauliza bibi atamtumia lini maparachichi. Sasa anauliza, “Bibi, usiku wamekuja?” Akiambiwa hapana, ndipo anapouliza maparachichi.