Kioo au Marumaru Nyuma ya Jiko?

Ukuta ulio nyuma ya jiko la gesi hupata taabu kuliko ukuta wowote wa nyumba. Mafuta ya kukaangia huurukia, mvuke wa wali huulowesha, na manjano ya mchuzi yakiupata leo, kesho hayatoki. Rangi tupu haidumu hapo. Wengi huchagua kati ya marumaru na kioo kwa kutazama picha. Swali la kuanza nalo ni jingine: kikiharibika, kitatengenezwaje?

Sifa kubwa ya kioo ni kutokuwa na viungo. Hupakwa rangi kwa nyuma, hubandikwa ukutani, na kukisafisha ni kupitisha kitambaa chenye maji ya sabuni. Lakini kioo cha kawaida cha dirishani kisiwekwe hapo hata kwa bei ya bure. Upande ulio karibu na moto hutanuka wakati upande wa mbali bado ni baridi, na kuvutana huko hukipasua. Kinachotakiwa ni kioo cha tempa, ambacho kiwandani hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa hewa. Huwa na nguvu mara 4 hadi 5 ya kioo cha kawaida, na kikivunjika humeguka vipande vidogo visivyokata kama visu. Unene wa milimita 6 unatosha.

Kikishapitia moto huo, hakikatwi wala hakitobolewi tena. Ukijaribu, chote husambaratika. Matundu ya soketi lazima yapimwe na kutobolewa mapema, na fundi akikosea kipimo unanunua kioo kizima upya. Tena kinadai ukuta ulionyooka. Kwenye nyumba kongwe za mawe za pwani, ambazo lipu yake ina mabonde, utalipia kwanza kusawazisha ukuta. Na anayependa weupe ajue kwamba kioo cha kawaida kina ukijani unaotokana na chuma, nao huonekana juu ya rangi nyeupe.

Marumaru hazina ugomvi na moto, kwani zimechomwa tanuruni kwa nyuzi zaidi ya 1,000. Udhaifu uko kwenye grauti, yaani kijazio cha viungo vyake. Grauti ya saruji ina vinyweleo, hivyo hunywa mafuta na manjano hadi ikawa kahawia. Ya epoksi hainywi. Ni ghali, na ikikaukia juu ya marumaru kuibandua ni shughuli, kwa hiyo tafuta fundi aliyekwisha kuitumia. Chagua marumaru kubwa ili viungo vipungue, na nunua chache za akiba siku hiyohiyo, kwa sababu rangi hutofautiana kati ya toleo moja la kiwanda na jingine. Moja ikipasuka, itang'olewa hiyo moja tu.

Kwa jikoni panapokaangwa kila siku, napendekeza marumaru kubwa zenye grauti ya epoksi. Ukishikilia kioo, usimalize kulipa kabla hujaiona alama ya tempa iliyochorwa kwenye kona yake.