Mboga Salama kwa Kupuliza Kidogo: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakulima wa Pembezoni mwa Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mchicha unaolimwa katika maeneo kama Bunju na Boko wilayani Kinondoni, au Mbagala na Chamazi wilayani Temeke, huwa tayari kuvunwa wiki tatu hadi nne tu baada ya kusiwa. Ufupi huo ndio faida ya mkulima, lakini pia ndio chanzo cha hatari kwa mlaji. Kiuatilifu ambacho lebo yake inaelekeza kusubiri siku 14 kabla ya kuvuna huchukua nusu au zaidi ya uhai wote wa zao hilo. Anayepuliza Jumatatu na kuvuna Alhamisi anaweza kumuuzia mwananchi mabaki ya sumu pamoja na mboga.

Njia inayoshauriwa na wataalamu ni udhibiti husishi wa visumbufu, ambapo mkulima huanza na mbinu za shambani na kutumia kiuatilifu pale tu zinaposhindwa.

Hatua ya kwanza ni kubadilisha mazao kwenye tuta. Nyanya, nyanya chungu, bilinganya na pilipili ni za ukoo mmoja na hushambuliwa na visumbufu vingi vinavyofanana. Vivyo hivyo kabichi, chainizi, figiri na sukumawiki. Zao lisifuatane na ndugu yake. Baada ya nyanya chungu, kwa mfano, panda mchicha au kunde.

Hatua ya pili ni kukagua shamba angalau mara mbili kwa wiki, hususan upande wa chini wa majani, ambako vidukari na inzi weupe hujificha. Ukikuta mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi, waache, kwani hula vidukari. Sumu kali inayoua kila mdudu huwaondoa walinzi hao kwanza, na vidukari hurejea kwa wingi zaidi kwa kuwa huzaliana upesi.

Vidukari wakizidi, maji ya sabuni yaliyopulizwa yakawagusa moja kwa moja huwapunguza. Mbegu za mwarobaini nazo hufaa: twanga gramu 50, loweka katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja, kisha puliza jioni. Jua huharibu nguvu ya mwarobaini, na wakati huo nyuki huwa wamekwisha kurudi mizingani.

Kuhusu magugu, andaa tuta mapema, mwagilia na uyaache yaote kwa siku saba hadi kumi. Yapalilie juujuu kabla ya kusia, bila kufukua udongo wa chini wenye mbegu nyingine. Kwa mazao yanayokaa muda mrefu kama bamia, tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu. Ndago ihitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kuikata kwa jembe huacha viazi vyake ardhini vikachipua upya. Ing'oe pamoja na viazi hivyo na uvitoe shambani. Samadi nayo ioze kikamilifu, kwani mbichi huweza kuleta mbegu za magugu.

Inapolazimu kutumia kiuatilifu, mkulima anatakiwa kununua kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Asikubali sumu iliyopimiwa kwenye chupa ya soda au maji, kwa sababu haina lebo, na bila lebo hawezi kujua kipimo wala siku za kusubiri. Rangi ya mstari kwenye lebo huonesha ukali wake: nyekundu ni hatari zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani.

Wakulima wanahimizwa kuandika tarehe ya kila upulizaji na kumshirikisha afisa ugani wa kata kabla ya kuchagua dawa. Kwa upande wake, mlaji aoshe mboga kwa maji safi yanayotiririka, akitambua kuwa kuosha hupunguza mabaki ya juu ya jani lakini hakuondoi sumu iliyokwisha kupenya ndani. Kwa sababu hiyo, usalama wa mboga huanzia shambani.